Mama wa Nje ya Kamera

Walimlaza kwenye jeneza kabla hajanywa chai. Mpambaji alimpaka poda ya mauti usoni, nyeupe yenye ujivujivu, akamziba pua kwa pamba, kisha akainama kumnong'oneza.

"Pumua kwa mdomo, shoga yangu. Kidogokidogo. Kifua kisionekane."

"Na kifua chenyewe nitakificha wapi?" Mke Mdogo alijibu bila kufumbua macho. "Mtoto hajanyonya tangu tufike. Kimejaa hadi kinauma."

"Marehemu hanyonyeshi. Tulia."

Jeneza lilikuwa la kuazima. Seremala aliyelichonga alisimama kando ya pazia, mikono nyuma, akililinda kama mtu aliyeazimisha baiskeli yake mpya. Alikubali kulitoa bure kwa ahadi kwamba jina la karakana yake litapita kwenye kioo mwisho wa kipindi, saa ambayo watazamaji wengi huwa wameshainuka kwenda kutandika vitanda.

"Poda isiguse kitambaa cha ndani," alikumbusha. "Hili lina mwenyewe. Wenye msiba wao wanalifuata hapahapa."

"Mwenyewe nani?" mpambaji aliuliza.

"Mama mmoja tu. Makamo ya huyu."

Brashi ilisimama hewani. Mke Mdogo aliinua shingo, na mpambaji akamtandikia leso yake mwenyewe chini ya kichwa.

Mke Mdogo halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la mhusika aliyemwigiza kila jioni kwenye tamthilia, mke wa pili wa tajiri, mwenye kiburi, visigino virefu na ulimi wa wembe. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwa mama yake na kwenye kadi ya kliniki. Sokoni muuza nyanya aliwahi kukataa kabisa kumpimia. "Kamwombe mume wa mwenzio akununulie," alimwambia, na foleni nzima ikashangilia. Mama mwenye nyumba naye aliziona zile ngazi na lile sofa la kwenye runinga, akapandisha kodi ya chumba. Mke Mdogo alijaribu kumweleza kwamba sofa si lake, kwamba akimaliza kulikalia huambiwa ainuke. Mama mwenye nyumba alicheka mpaka akafuta machozi. "Unaigiza hata na mimi!" alisema.

Alianzia mbali. Kazi yake ya kwanza mbele ya kamera ilikuwa kuwa mgonjwa aliyelala kitanda cha nyuma, uso ukutani. Baadaye akawa mtumishi wa ndani, akabeba sinia la chai msimu mzima bila kutamka neno. Aliporudi nyumbani alilibeba tena mbele ya kioo, akitafuta namna ya kuliweka mezani ili mtu aone kwamba mbebaji anawachukia wanaokunywa. Mtu mmoja aliona. Mwongozaji, aliyekuwa kijana wakati huo na bado ana aibu, alimwambia, "Wewe dada, lile sinia linaongea." Ndipo akapewa maneno.

Alipopata mimba aliificha nyuma ya mikoba mikubwa, akijua akigundulika ameisha. Kumbe siku walipogundua, mtayarishaji, mwenye kampuni, alipiga makofi. "Mimba ya kweli! Hatuhitaji tena kumfunga mto." Wakaiandika kwenye hadithi. Tatizo ni kwamba waliandika pia kwamba Mke Mdogo atamzalia tajiri mtoto wa kiume, mrithi wa mali, na wakalitangaza jambo hilo kila siku kabla ya taarifa ya habari. Akazaa msichana.

"Sasa?" mwongozaji aliuliza.

"Sasa nini?" mtayarishaji alisema. "Mtoto ana umri wa kuulizwa? Mvalisheni shati."

Hivyo binti yake hakutogwa masikio wala kuachiwa nywele. Nyumbani aliitwa Donge, kwa mashavu yake. Barabarani watu walimbana mashavu hayohayo na kusema, "Mrithi huyo! Dume la mbegu!" Baba yake Donge hakuwepo kubisha. Aliondoka siku alipomwona mkewe kwenye runinga akilishwa keki na mwanamume mwingine. Alisema yeye anaelewa kuwa ni maigizo, ila rafiki zake hawaelewi.

Mke Mdogo hakulalamika. Mtoto alikuwa naye kazini, akimnyonyesha kati ya kipande na kipande, na kwa mama anayejitegemea hiyo ilikuwa bahati ya kuonewa wivu. Kilichomshinda ni moshi. Nyumba waliyokodi kurekodia ilikuwa na sebule nzuri mbele, lakini chumba chake cha kupumzikia kilikuwa stoo ya nyuma ya jiko, na jenereta lilinguruma dirishani pake. Donge akaanza kukohoa. Ndipo Mke Mdogo akapiga moyo konde, akaenda kwa mtayarishaji.

"Bosi, naomba jenereta lisogezwe. Mtoto anakohoa."

"Halisogezeki. Waya ni mfupi."

"Basi nipate hata kona ya varanda."

"Varandani wanakaa wageni." Alikuwa akitafuna njugu, anazirusha mdomoni moja moja. "Kingine?"

Hakuwa amepanga kusema kingine, lakini kilimtoka. "Na mtoto naye, bosi. Yumo kwenye kila kipande. Angepata na yeye chochote chake."

Mtayarishaji aliacha kutafuna. Alimtazama kwa upole mkubwa, kama mtu anayemtazama ndugu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Binti yangu," alisema. "Umekua, eh?"

Skripti iliyofuata ilimwanzishia Mke Mdogo kikohozi. Iliyofuata ikamlaza kitandani. Alipoona ya tatu imeandikwa "msiba" alikwenda ofisini mbio, Donge mgongoni, na safari hii hakukaribishwa kiti.

"Mimi nimekubali," alisema. "Ni kazi, wahusika hufa. Mimi na mwanangu tutatafuta kwingine."

"Wewe utatafuta kwingine," mtayarishaji alisema. "Mrithi anabaki. Nchi nzima inamjua sura. Nimeshamwandikia mama wa kumlea."

"Bosi, huyu ni mwanangu."

"Nani kakataa? Mtoto ni wako. Mrithi ni wangu." Akatabasamu. "Na sasa atalipwa. Si ndicho ulichokitaka? Wewe utakuwa unamleta, unakaa pale nje, unamrudisha. Mlezi. Kazi nyepesi, huna hata maneno ya kukariri."

Akaenda nyumbani akakaa na jambo hilo. Alizunguka kampuni nyingine, na kila alipoingia walimfurahia, wakapiga naye picha, wakamwambia uso wake umeshakuwa Mke Mdogo, nani ataamini akiwa muuguzi au mwalimu? Kodi ya chumba cha mtu maarufu haikumngoja. Akarudi akasema sawa.

Mama wa kumlea Mrithi aliyeandikwa alikuwa nesi mwema, na aliyepewa nafasi hiyo alikuwa Msichana wa Sabuni. Ndivyo alivyojulikana, maana watu walimzoea kwenye tangazo akijisugua mabega na kucheka. Alikuwa mdogo, mpole, na aliogopa kila mtu. Donge alimkataa. Alimrushia mateke, akamvuta hereni, akalilia mlango wa stoo.

Mwongozaji alimwita Mke Mdogo pembeni. "Mtoto anakusikiliza wewe tu. Mfundishe."

Akamfundisha. Akamfundisha vizuri, kwa sababu hakuwahi kufanya kazi yake ovyo. Alikaa nao sakafuni, katikati ya nyaya, na pakiti ya biskuti mapajani.

"Nani huyu?"

"Dada," Donge alisema.

"Hapana. Nani huyu?"

Donge aliangalia biskuti, akaangalia Msichana wa Sabuni. "Mama?"

Makofi, vigelegele, biskuti. Mafundi wa taa waliteremka ngazini kuja kuona. Wakarudia kesho yake, na siku iliyofuata, mpaka mtoto akawa anatamka hata kabla ya kuulizwa, akinyoosha kiganja. Siku moja, kwa mzaha tu, Mke Mdogo akajigusa kifuani. "Na mimi? Mimi nani?"

Donge alisita. Macho yake yalifuata mkono wenye biskuti. Watu wote wakacheka, na Mke Mdogo akacheka nao.

"Nisamehe, dada," Msichana wa Sabuni alimwambia baadaye, koridoni ambako hakuna aliyewasikia. "Sikuomba mimi hii nafasi."

"Najua. Usimshike kiunoni, hapendi. Mwekee mkono kichwani, hapa nyuma. Ndivyo anavyolala."

Ndiyo maana leo alikuwa jenezani, na Msichana wa Sabuni amesimama kichwani pake na sare ya unesi, Donge mkononi ndani ya koti dogo jeusi la kiume. Kipande chenyewe kilikuwa kifupi: mtoto amwone mama yake maiti, alie, nesi amkumbatie.

"Kimya!" mwongozaji alipaza sauti. "Kamera. Akshen!"

Mke Mdogo alisikia hatua zikisogea. Akasikia harufu ya mwanawe, maziwa na jasho la shingoni. Kisha kidole kidogo, chenye unyevunyevu, kikaja kwenye kope yake na kuivuta juu.

Ulikuwa mchezo wao. Asubuhi nyumbani Mke Mdogo hujifanya amelala fofofo, Donge humfungua jicho kwa kidole, na yeye huruka, "Nimeamka!" Donge huanguka kwa kicheko.

"Mama, amka!" Donge alisema sasa, akicheka tayari. "Amka!"

Mke Mdogo alibana pumzi. Alifikiria sinia la chai, akafikiria kodi, akafikiria mawe. Lakini pembe ya mdomo wake ilimsaliti, na Donge, aliyeijua pembe hiyo kuliko mtu yeyote duniani, alipiga kelele za furaha na kutaka kuingia jenezani.

"Kata!"

Mafundi walikuwa wanacheka. Hata seremala alikuwa anacheka. Mtayarishaji, kwenye kiti chake cha turubai, hakucheka.

"Nataka kilio," alisema. "Kilio cha kweli. Mtoeni huyo mle ndani, lifungeni jeneza. Tutarekodi likiwa limefungwa."

Wakamtoa. Mwongozaji akamshika mkono, akamwonyesha mlango wa sebule, akiongea upesi upesi bila kumtazama machoni. "Utasimama hapa, pembeni ya kamera, akuone. Nikisema akshen mpungie mkono, geuka, toka. Toka kabisa, mpaka nje ya geti. Asikuone wala asikusikie mpaka niseme kata."

"Atalia."

"Ndiyo kazi yenyewe, dada."

Alisimama mlangoni na gauni jeupe la maziko, pamba bado puani. Donge alimwona na kuchangamka. Akshen. Akampungia mkono. Akageuka.

Kilio kilimfikia kabla hajamaliza varanda. Hakikuwa kile cha njaa wala kile cha usingizi, vyote hivyo alivijua. Hiki kilipanda kama kitu kinachoraruliwa. Alitembea. Mlinzi alimfungulia geti, akamwangalia uso wenye poda, akatania, "Karibu duniani, marehemu." Nje, ukutani, maziwa yalimshuka yenyewe, yakapenya gauni. Nje alisimama mzee mmoja aliyekuja na gari la kubebea mizigo, kofia mkononi. Alimtazama mara moja, akatazama pembeni.

"Kata!"

Alirudi mbio. Donge alimkamata shingoni kwa mikono yote miwili, akamkwaruza poda, mwili mzima ukitetemeka. Mpambaji alikuwa anapenga kamasi.

"Safi sana," mwongozaji alisema taratibu. Lakini fundi wa sauti, mwenye visikizio masikioni, alitikisa kichwa.

"Jenereta limeingia. Lilinguruma katikati ya kilio."

"Lihamisheni," mtayarishaji alisema.

Vijana wanne wakalibeba. Wakalipeleka nyuma ya ukuta wa mbali kabisa, kwenye majani. Haikuwachukua hata muda wa kunywa chai. Waya ulifika, ukabaki mwingine umejikunja kama nyoka. Mke Mdogo aliutazama ule uliobaki. Donge alikohoa begani mwake.

Wakarudia. Kupunga, kugeuka, varanda, geti. Kilio kikaja, kirefu, na safari hii ndani yake kulikuwa na maneno, "mama, mama," yaliyokatwakatwa na kwikwi. Lakini Msichana wa Sabuni naye alianza kulia, kilio chake mwenyewe ambacho hakikuandikwa popote, akasahau maneno yake yote.

"Kata! Wewe unalilia nini? Unamjua marehemu?"

Mke Mdogo alipomchukua Donge mara hii, mtoto hakumkamata shingo. Alimlalia tu, mzito, macho yamevimba.

"Imetosha," Mke Mdogo alisema. "Amechoka. Bosi, tafadhali. Tumieni hicho cha kwanza."

Mtayarishaji aliinuka, akaja taratibu, akampangusa Donge machozi kwa kidole gumba. Alifanya hivyo vizuri, kama babu.

"Sikiliza, mama. Mimi simlazimishi mtu. Ukitaka, mchukue mwanao muende. Namwambia mwandishi aweke mstari mmoja tu kwenye kioo: miaka mitano baadaye. Umeuona mstari wenyewe? Maneno matatu. Wiki ijayo Mrithi ni mtoto mwingine, mkubwa, anaongea, haniletei habari za moshi. Watu watashangaa siku moja, ya pili wamezoea." Akampapasa begani. "Mara moja tu. Ya mwisho."

Mpambaji alikuja kumrekebishia poda, ingawa safari hii kamera haikumhitaji. "Pumua," alimwambia.

Akampa Msichana wa Sabuni mtoto. Akamwekea mkono wa yule msichana nyuma ya kichwa cha Donge, pale panapotakiwa. Akaenda mlangoni. Akshen. Akapunga. Donge alimwangalia. Akageuka, akavuka varanda, akikaza masikio, na kilio hakikumfuata. Akapunguza mwendo. Labda kinakuja. Akapita uani, penye majani yaliyolala pale jenereta lilipokuwa. Mlinzi akamfungulia geti, akatoka naye, akalifunga, akasimama mbele ya kidirisha chake na fimbo yake.

Kimya.

Yule mzee alikuwa bado hapo kando ya gari, kofia mkononi. "Wanakaribia kumaliza, dada? Nangoja lile sanduku."

"Wanakaribia."

Mzee aliliangalia gauni lake, na doa lililozidi kupanuka kifuani, akashindwa kujua ampe pole au la. "Yule mtoto aliyekuwa analia," alisema mwishowe. "Amenyamaza?"

Mke Mdogo alisikiliza. "Amenyamaza."

"Afadhali. Wa kwetu tangu jana hawajanyamaza. Tumewaambia mama yao amesafiri."

Kutoka ndani, kupitia madirisha yaliyofunguliwa kwa ajili ya taa, sauti ya mwongozaji ilisikika, ya kunong'ona lakini ya haraka, ya mtu aliyeona dhahabu. "Usikate. Usikate. Msogelee uso. Angalia anavyomlalia, Mungu wangu. Usikate."

Kisha, wazi kabisa, bila kilio, bila hata kuomba biskuti, Donge alisema, "Mama."

"Naam, mwanangu," Mke Mdogo aliitika, na mguu wake ulikuwa umeshatangulia.

Fimbo ya mlinzi ikashuka mbele ya kifua chake kilicholowa.

"Bado, marehemu," mlinzi alisema. "Hawajasema kata."